4x4 ya kazi: tuanze na pine, tuache makelele

Ndugu watumikaji, na ninyi ba mama munaofungulia sisi mlango mbele jua itoke, leo sitaongea mshahara. Nitaongea motokari inayotubeba.

Mwenye kukaa Naviundu anajua udongo wetu. Kiangazi ni vumbi nyekundu. Mvula ikianza, mwezi wa 11, inageuka potopoto ya kuteleza sawa sabuni. Januari, ku mupando wa kutoka mtoni, pikapu ya kazi yetu ilikwama. Jina la kampuni siandiki. Walikuwa wameigeuza: wameipandisha juu, wameweka pine kubwa, na kule nyuma kabisa viti viwili virefu vya chuma. Tulikuwa kumi na wawili. Niseme kweli, tulijivuna nayo, na watoto wa kartie walikuwa wanaisifu.

Shofere akaomba tushuke kusukuma. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia ambreyaje mara moja. Magurudumu yakalia, potopoto ikaruka, halafu motokari ikateleza kurudi nyuma na kumgonga mwenzetu. Guu ikavunjika. Mukubwa akasema: «Shofere huyu hajui kazi.» Mimi nasema makosa yalianzia mu garaji.

Sikilizeni vile inakuwa. Gurudumu linaposukuma nguvu kuliko udongo unavyoweza kushika, linazunguka bure tu. Na diferansieli ya kawaida haisaidii: gurudumu moja likiteleza, nguvu inaishia pale pale, na lile lingine lililo mahali pazuri linabaki kutazama. Ndiyo maana 4x4 yenye magurudumu mane inaweza kukwama na mawili tu yakizunguka, moja mbele, moja nyuma. Kama motokari ina kifungio cha diferansieli, kifungwe mbele ya kuingia potopoto, si kisha kuzama.

Sasa ongeza vile waligeuza. Pine ikiwa kubwa kuliko ile ya kiwanda, vitesi ya kwanza inakuwa ndefu na nguvu inayofika chini inapungua. Kwa hiyo shofere analazimika kupiga mafuta mingi, na ambreyaje inaungua. Motokari ikipandishwa juu, ikianza kuondoka inakaa nyuma zaidi na pua inakuwa nyepesi. Tena mumetia watu sita sita nyuma ya ponti, mu mupando! Magurudumu ya mbele yatashika nini? Viti vingesogezwa mbele, karibu na kabini, hata bila kununua kitu.

Na kuna jambo linalonikasirisha, juu ni la bure. Mu pikapu nyingi za zamani, magurudumu ya mbele yana vifungio vya mkono pale katikati. Shofere akivuta levie ya 4x4 na vile vifungio viko wazi, mbele hakuzunguki hata kidogo. Siku ile nilishuka kuangalia: kimoja kilikuwa wazi. Hakuna mutu aliyemufundisha yule kijana. Alitoka kuendesha taksi mu mujini, wakamupa funguo. Angefundishwa, angeweka levie ndogo ku vitesi nzito, akaachia ambreyaje polepole, mafuta kidogo, bila kishindo.

Vijana wa garaji wanaogeuza Subaru hapa kwetu watanicheka. Lakini Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Subaru, na hata yeye alishika udongo na vipande vine vya mpira tu. Pine zetu zilikuwa zimelika mpaka laini. Unaweza kupunguza upepo kidogo ili mpira ulale chini vizuri, lakini ukifika ku lami lazima kwado arudishe, maana pine laini yenye mzigo inapata moto na kupasuka. Pine iliyolika, hata upepo hauisaidii.

«Pine mpya ni franga mingi», wanatuambia. Ile franga ya kupandisha motokari ilitoka wapi?

Code du travail ya 2002 inataka komite ya usalama na usafi ku kazi. Motokari ya watumikaji iingie mu mazungumzo ya komite ile, sawa vile kofia na buti. Delege aangalie pine, vifungio na viti mbele ya mvula, na aandike mu karatasi. Mpaka hapo, ndugu, musisimame nyuma ya motokari inayotaka kuondoka mu mupando. Mukiambiwa kusukuma, simameni pembeni mungojee kamba au motokari ingine, na mukiitwa wachelewaji, muite delege.

Ajali ya njia ya kazi ni ajali ya kazi; CNSS inaijua hivyo. Karatasi za mwenzetu tulizipeleka juma lililopita. Yeye iko nyumbani na plasta mpaka ku goti, na bibi yake ameanza kuuza mukate ku barabara ya Kasenga.