Staa Kaondoka na Picha Zake, Msala wa Ndinga Kauacha Tanga

Leo stori za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo, kuna hili la ndinga limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Mnamkumbuka yule staa, jina kapuni, aliyekuja Tanga na Altezza nyeupe? Ile iliyopigwa picha Raskazone jua linazama, imelala chini mpaka kiganja hakipiti kati ya tairi na bodi, magurudumu yameegemea ndani kwa juu kama mtu kasimama kapanua miguu. Picha zilitembea hatari. Kaja leo kaondoka leo, si ndo Tanga yetu inavyosemwa. Ambacho hamkukiona kwenye picha ni kwamba ile gari iliingia mjini juu ya lori la kubebea magari. Ikashushwa, ikafutwa vumbi, ikapigwa picha, ikarudishwa juu ya lori. Nilikuwepo. Sikuandika, nikasema hizo ni kiki zake, zinanihusu nini.

Baadaye gari ikauzwa. Aliyeinunua ni mshkaji wangu wa Ngamiani, hela ya bodaboda yake pamoja na ya machungwa ya familia kule Muheza. Kauziwa "gari ya staa", na bei ilikuwa ya staa kweli. Haikupita hata mwezi, anatoka Segera usiku, mama yake yuko siti ya nyuma, walipokaribia Hale tairi ya mbele kushoto ikapasuka. Gari ikaingia kwenye mkonge. Mama kavunjika mkono. Mimi namuita mama pia, nimekula sana kwake, kwa hiyo mkiona naandika kwa hasira mjue sababu.

Tairi ilipotolewa, upande wa nje ilikuwa na meno mazima kabisa. Upande wa ndani kipara, nyuzi za chuma zinachungulia. Ukiiangalia gari ikiwa imesimama huoni kitu, maana inayoonekana ni nje.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa miguu ya magari, nikamwambia shikamoo mzee, nifundishe. Akaniitikia, akaniambia kaa chini mwanangu, utachafuka.

Ile gari ilifungwa koiloova. Yaani shokapu na springi vimekaa pamoja, na mwili wa shokapu una nyuzi kama bolti kubwa. Unazungusha ringi, gari inapanda au inashuka. Juu kuna kitufe cha kuzungusha, kinalia tik, tik. Hicho hakihusiani na urefu, kinaamua shokapu iwe ngumu au laini. Masela wengi wanachanganya hivi viwili, wanazungusha kitufe wanashangaa gari haishuki. Kifaa chenyewe sio kibaya hata kidogo, ni mara mia ya wale wanaokata springi kwa grainda. Ila huku kwetu pwani chumvi haina adabu: usipozisafisha nyuzi na kuzipaka grisi, ringi zinashika kutu hazizunguki tena. Ya mshkaji upande mmoja ulikuwa umeganda. Hata angetaka kuipandisha asingeweza.

Sasa ukishusha gari, mikono inayoshika gurudumu inabadilika pembe. Gurudumu linaegemea ndani kwa juu, hiyo mafundi wanaita kemba. Na pua za magurudumu mawili zinaweza kuanza kutazamana au kupeana mgongo, hiyo ni tou. Kuna na kasta, ndo inayosaidia usukani urudi wenyewe katikati ukishakata kona. Kila mtu analaumu kemba kwa sababu ndo inayoonekana kwenye picha. Mzee akasema hapana, kemba inachagua tairi iliwe upande gani, ila mlaji mkubwa ni tou.

Nikapiga hesabu maana sikuamini. Chukua tairi ya kipenyo cha sentimita 60, imepinda milimita 3 tu kutoka mbele hadi nyuma yake. Kila kilomita moja unayotembea, inaburutwa kando mita 5. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Kwa hiyo ukifika Dar umeiburuta tairi kando zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya lami ya moto, na uzito wote umeukalisha kwenye ule ukingo wa ndani. Milimita 3 jamani! Huwezi kuiona kwa jicho, hata uwe umezaliwa gereji.

Najua kuna atakayekuja kwenye komenti aseme naonea wivu wenye ndinga. Kaka, mimi napenda gari iliyoshuka. Ila kumbuka Subaru Impreza tunazozishusha huku mtaani ndo ukoo ule ule ulioshinda Safari Rally Kenya mwaka 1996, 1997 na 2000, na zile zilikuwa zimenyanyuliwa na kuimarishwa miguu, kwa sababu waliozitengeneza walijua zinaenda kupita wapi. Wewe unapita matuta ya Pongwe.

Na mshkaji naye ana lake, nimemwambia usoni. Kanunua gari kwa kuangalia kurasa ya mtu. Hakulala chini kuchungulia tairi kwa ndani, hakuipeleka kupimwa alaimenti. Alipokuja kuipeleka, baada ya ajali, sehemu ya kwanza walirekebisha tou ya mbele tu wakachukua hela, nyuma hawakugusa, na Altezza nyuma nako kunarekebishika. Yule mzee ndo aliyeanza na bolijointi na bushi, akizitikisa moja moja. Anasema kupima gari yenye bolijointi inayocheza ni kupima upepo. Ringi iliyoganda kaitoa kwa mafuta na siku mbili za subira, kaipandisha gari, kapima magurudumu manne, kampa karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Akamwambia atembee wiki mbili springi zikae, arudi apimwe tena.

Staa wetu, mshkaji kakutumia ujumbe. Umeusoma, alama inaonekana. Hataki umrudishie hela. Kakutumia picha ya ile tairi, upande wa ndani, anaomba uiposti pale pale chini ya ile ya Raskazone, maana kuna madogo watatu hapa mtaani ameshawakuta wanaulizia grainda.