Anayerudi Mazoezini Asikimbizwe

Kila ifikapo tarehe 1 Januari, miji ya Unguja na Pemba huamka mapema. Siku hiyo hapa Zanzibar ni Siku ya Mazoezi Kitaifa, na vikundi vya mazoezi ya viungo, wakiwamo wafanyakazi wa Serikali, hupita mabarabarani kwa mchakamchaka na nyimbo. Ni utaratibu mwema unaostahiki kuungwa mkono na kila mwananchi, hasa katika zama hizi ambapo shinikizo la damu na kisukari havichagui tena baina ya tajiri na maskini.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulisema. Katika misafara hiyo huwamo watu ambao hawajapiga hatua ya mbio kwa miezi mingi. Yumo aliyekuwa mchezaji hodari wakati wa skuli na sasa amekaa kitini miaka kumi. Yumo mama aliyejifungua, yumo aliyeinuka kitandani baada ya maradhi, na yumo aliyeacha mazoezi tangu kuingia Ramadhani na asirejee hata baada ya Idi. Wote hao hupangwa safu moja na wale ambao hawakuacha hata wiki moja, na wote hutakiwa wafuate firimbi moja.

Matokeo yake yanajulikana. Kabla msafara haujafika mbali, utawaona baadhi yao wamekaa kando ya njia, jasho linawatoka, moyo unawachafuka, kichwa kinawazunguka, na wengine wanatapika. Baadhi ya wenzao huwacheka, na wengine huwapigia kelele waongeze mwendo. Siku ya pili hawaonekani tena, na ukiwauliza watakujibu kwamba mazoezi yamewakataa.

Inafaa ieleweke kwamba mazoezi hayakumkataa mtu. Mtu anapokimbia, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi ili kuutoa joto mwili. Damu hiyo hupunguzwa kutoka tumboni na kwenye matumbo. Kadiri mwendo unavyozidi uwezo wa mtu, ndivyo tumbo linavyozidi kunyimwa, na tumbo lililonyimwa damu hulalamika kwa kichefuchefu. Aliyekula biriani muda mfupi kabla ya kukimbia hulipata hilo upesi zaidi. Aliyetoka nyumbani bila ya kutia kitu mdomoni naye huweza kupungukiwa na sukari katika damu, akalegea na kutetemeka. Na anayesimama ghafla baada ya mbio, damu humtuama miguuni, kizunguzungu kikamshika hata akaanguka.

Uwezo wenyewe hupotea upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, wataalamu waliwalaza vitandani vijana 5 wenye umri wa miaka 20 kwa muda wa wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi nzito ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Kweli, kukaa ofisini si sawa na kulazwa kitandani, lakini funzo ni lile lile: kisichotumika hupungua. Habari njema ni kwamba vijana hao waliporudi mazoezini kwa utaratibu, uwezo wao ulirejea. Walichohitaji ni muda.

Hapa kwetu tunaongezewa na hali ya hewa. Januari ni msimu wa kaskazi, joto ni kali na hewa ni nzito kwa unyevu, hata jasho halikauki mwilini. Mwili uliokwisha zoea mazoezi hujimudu katika joto hilo, lakini mwili uliolala hauwezi. Ndiyo sababu mchakamchaka unaoanza alfajiri si sawa na ule unaochelewa kuanza kwa kungojea mgeni rasmi, jua likishapanda.

Pamoja na hayo, tusije tukawafariji watu kupita kiasi. Kichefuchefu kinachokwisha baada ya kupumzika kidogo kivulini ni onyo la kupunguza mwendo. Lakini kichefuchefu kinachofuatana na maumivu au mbano wa kifua, maumivu ya mkono au taya, jasho la baridi, pumzi kukata au kuzimia, huenda kikawa ni dalili ya maradhi ya moyo. Mtu huyo asiambiwe ajikaze. Akimbizwe hospitali mara moja. Vile vile anayechanganyikiwa kwa joto apelekwe kivulini, amwagiwe maji na apepewe huku msaada ukitafutwa. Na anayeona mkojo wake umekuwa mweusi siku chache baada ya mazoezi mazito asikae nyumbani, kwani hiyo ni ishara kwamba misuli imeumia vibaya na mafigo yako hatarini.

Kwa hiyo tunapenda kutoa wito kwa viongozi wa vikundi vya mazoezi kwamba kila kikundi kiwe na safu mbili: safu ya waliozoea na safu ya wanaorudi. Safu ya pili ianze kwa kutembea kwa haraka, na kipimo chake kiwe kwamba mtu aweze kuzungumza na mwenziwe huku akienda. Mwendo na muda viongezwe kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Mazoezi yasikatishwe ghafla, bali yamalizwe kwa mwendo wa pole. Chakula kizito kiliwe saa 2 au 3 kabla, na anayetoka alfajiri apate japo chai na ndizi. Maji ya kunywa yawepo.

Kwa wakuu wa Wizara, Mikoa na Wilaya, tunashauri kwamba mfanyakazi asiingizwe katika mchakamchaka kwa amri ya barua bila ya kuulizwa hali yake. Ingefaa Wizara ya Afya na ile inayosimamia michezo zishirikiane ili wiki chache kabla ya Januari wananchi wapimwe shinikizo la damu na sukari katika shehia zao, na siku yenyewe kila msafara ufuatane na mhudumu wa afya na gari la wagonjwa.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba siku moja kwa mwaka haijengi afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku 5, kazi ambayo mkulima na mvuvi huifanya bila ya kuhesabu, lakini sisi wa maofisini lazima tuikusudie.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Anayerudi akipokewa kwa upole leo, mwezi ujao atakuwa katika safu ya mbele. Akikimbizwe na kuchekwa, tutakuwa tumempoteza, na huenda tukampoteza kwa maana iliyo nzito zaidi.