Puliza, Mama, Puliza!

Sisi tunaokaa Igogo tuna kipimo chetu cha pumzi ambacho hakikutoka hospitali. Ni mlima. Ukitoka barabarani na ndoo ya maji kichwani, ukapita katikati ya majabali hadi kwenye nyumba za juu, utaijua mwenyewe hali ya kifua chako. Wapo wanaopanda huku wanaimba. Wapo pia wanaosimama mara tatu njiani, wakisingizia kuwaamkia majirani.

Kusimama huko si lazima kuwe ni ugonjwa wa mapafu. Upungufu wa damu, moyo, unene na mimba, vyote humfanya mtu aheme. Lakini wapo wenzetu ambao miaka nenda miaka rudi wameambiwa, "Una kifua," wakapewa vidonge na dawa ya kikohozi, wakarudi jikoni kwenye moshi, na hakuna aliyewahi kuwaambia wapulize. Tunaandika kwa ajili yao, maana pumzi hupimwa, kama vile joto na presha vinavyopimwa.

Mwingereza mmoja, daktari John Hutchinson, alieleza mwaka 1846 chombo alichokiita spirometa. Kilikuwa pipa la maji, na ndani yake pipa jingine lililofunikwa kifudifudi. Mtu alivuta pumzi hadi mwisho, akapuliza kwenye mrija, na pipa la ndani likainuka kadiri ya hewa iliyoingia. Hutchinson aliwapima watu zaidi ya 2,000, wagonjwa na wazima, wakiwemo mabaharia, polisi na wazima moto. Aliona kuwa mtu mrefu ana pumzi nyingi kuliko mfupi, na kuwa pumzi hupungua kadiri umri unavyosogea.

Waweza kuwaonyesha watoto kazi ya chombo hicho hapo nyumbani. Chukua dumu la lita 5 linaloonyesha maji yaliyomo. Mimina maji nusu lita nusu lita, kila mara ukiweka alama kwa nje, mpaka lijae. Liziba mdomo kwa kiganja, ligeuze ndani ya beseni lenye maji, kisha pitisha mpira safi hadi ndani yake. Sasa mtoto avute pumzi yote na kuipuliza yote. Hewa itapanda juu na kuyasukuma maji nje, nawe utasoma kwenye alama zako. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni nusu lita tu. Akijaza kifua hadi mwisho na kukimaliza, mama mwenye afya mara nyingi hutoa lita 3 hivi, au zaidi kwa aliye kijana na mrefu. Baba akilikaribia dumu zima, msimshangilie mno; wanaume wengi wameumbwa na mapafu makubwa. Kila mtu apulize kwa mpira wake, na mwenye kikohozi asicheze. Huu ni mchezo wa kufundishia, si wa kutafutia maradhi.

Hospitalini chombo cha siku hizi ni kidogo na huunganishwa na kompyuta. Utaketi, pua itabanwa kwa kibanio, utavuta pumzi yote kisha utapuliza kwa nguvu na ghafla, ukiendelea kwa sekunde 6 hivi. Mpimaji atakupigia kelele, "Puliza, puliza, endelea!" Usikasirike. Tumelelewa kuziba mdomo kwa khanga na kukohoa kwa adabu, na kwa kipimo hiki adabu hiyo hutuponza, kwa sababu anayepuliza kwa aibu huandikiwa mapafu mabovu asiyokuwa nayo. Utarudia angalau mara tatu, ili waone kama majibu yanafanana.

Wanatazama hewa yote uliyotoa, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Mwenye afya hutoa karibu robo tatu au zaidi ndani ya sekunde hiyo moja. Ikitoka kidogo kidogo, mirija imebana. Hapo utapewa dawa ya kuvuta, usubiri dakika 15, upulize tena. Hewa ikifunguka sana, mara nyingi ni pumu. Isipofunguka, huenda mirija imeharibika, na moshi wa kuni wa miaka mingi waweza kuiharibu hata kwa mama asiyewahi kushika sigara. Kifua kikuu kilichopona nacho huacha makovu yanayopunguza pumzi.

Hata hivyo, upulize mpaka machozi yakutoke, zaidi ya lita moja itabaki ndani. Mapafu hayaishi hewa kabisa. Hiyo iliyobaki hupimwaje? Fikiria birika la maji usilojua ujazo wake. Ukitia kijiko kimoja cha sukari na kuonja, utakisia wingi wa maji kwa jinsi utamu ulivyofifia. Wataalamu humvutisha mtu gesi ya heliamu, ambayo ni shida kuingia kwenye damu, wakapima ilivyofifia. Njia nyingine ni kumketisha ndani ya kibanda cha kioo kilichofungwa na kupima mgandamizo wa hewa anapohema. Njia hiyo ilielezwa Marekani mwaka 1956. Mashine hizo hazipatikani kila hospitali.

Lipo jambo tunalotaka mlijue. Majibu yako hulinganishwa na ya watu wazima wa afya wa umri, urefu na jinsia yako. Kwa miaka mingi kiliongezwa kitu cha nne, rangi. Mwaka 1869 Benjamin Gould, mtaalamu wa nyota wa Marekani, alichapisha vipimo vya askari na kuandika kuwa mapafu ya Weusi yana ujazo mdogo. Utumwa, njaa na kazi ngumu havikuingia hesabuni. Fikra hiyo ikaingia mashineni, na mtu mweusi akapunguziwa kiwango asilimia 10 hadi 15. Hivyo aliyepoteza pumzi kweli aliweza kuambiwa, "Kwa watu wa kwenu ni kawaida." Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitoa hesabu mpya isiyouliza rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikahimiza itumike. Wapo wanaohofia kuwa sasa wazima wataitwa wagonjwa. Sisi twaona ni halali yako kuuliza umelinganishwa na nani. Na karatasi ya majibu itunze pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwani pumzi yako ya mwaka jana ndiyo ya kulinganisha na ya mwaka huu.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili aanze na kupima makohozi. Aliyepasuliwa karibuni jicho, kifua au tumbo aseme kabla ya kupuliza. Siku ya kipimo usile ukashiba sana, usivae nguo ya kubana, na kama una dawa ya kuvuta, uliza mapema kama uiache asubuhi hiyo.