Hoja Si Neno Moja: Geuza Dondoo Zako Ziwe Vichwa Vinavyosema



Sisi wa Ukonga tuna Mombasa yetu, na haina bahari. Ni kituo cha daladala. Ukisimama pale alfajiri utaona watu wanasoma kibao cha mbele kabla ya kukimbilia mlango. Kama kimeandikwa Gongo la Mboto – Kariakoo, anayekwenda Kariakoo anapanda na mwingine anabaki. Kama dereva angeandika "Safari" tu, gari lingekuwa zima, tairi mpya na mafuta tele, lakini abiria wangebaki kituoni wakiulizana linakwenda wapi.

Ninafundisha Kiswahili, na kila msimu wa mitihani ya majaribio ninasahihisha insha nyingi zilizobandikwa kibao cha "Safari". Mwanafunzi amesoma vitabu na mifano anaijua. Ukimuuliza darasani anajibu vizuri kuliko wenzake. Lakini karatasi yake inaanza hivi: "Umaskini, mwandishi ameonesha umaskini." Aya inayofuata: "Mapenzi, mwandishi ameonesha mapenzi." Kisha "Rushwa", kisha "Elimu". Nikimaliza kurasa tatu bado najiuliza: kuhusu umaskini huo anadai nini? Unaletwa na nani? Unahusiana vipi na swali?

Mtahiniwa huyo ana mpango, ila ameuacha ukiwa mbichi. Ameorodhesha dondoo, akazihamisha kama zilivyo mpaka kwenye karatasi ya majibu. Maoni yangu ni haya: dondoo si hoja mpaka igeuzwe kuwa sentensi inayodai jambo, na dakika tano za kuigeuza zina faida kuliko ukurasa mzima wa maneno ya ziada.

Ninalisema hili kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliandika kazi ya kurasa kumi yenye vichwa vinne: Utangulizi, Historia, Matatizo, Hitimisho. Niliona ni kazi safi. Mhadhiri alizungushia neno "Matatizo" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni maneno mawili: "Ya nani?" Nilipojaribu kumjibu niligundua kwamba chini ya kichwa hicho nilikuwa nimechanganya matatizo ya walimu, ya wazazi, ya wanafunzi na ya serikali, bila mpangilio. Kichwa cha neno moja kilikuwa kimeficha vurugu hiyo hata kwangu mimi mwandishi. Hapo nikaelewa kwamba kichwa kinamsaidia msomaji, lakini kabla ya hapo kinampima aliyekiandika.

Tazama kazi za waandishi unaosoma. Emmanuel Mbogo ameita kitabu chake Watoto wa Mama N'tilie. Jina hilo linakuambia utakutana na nani, ila halikuambii mwandishi anadai nini juu yao. Edwin Semzaba ameita tamthiliya yake Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza unajua mhusika ni nani na dai ni lipi. Majina yote mawili ni mazuri kwa kazi ya sanaa. Lakini ukiwa kwenye chumba cha mtihani, vichwa vyako vifuate mfano wa Semzaba: vitaje jambo, kisha viseme kitu juu yake.

Mfano mwingine unao kwenye somo la Historia na la Uraia. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lina sehemu tano. Katika sehemu inayohusu kujitegemea, vichwa vidogo kadhaa ni madai kamili. Kimoja kinashikilia kwamba mnyonge hatumii fedha kuwa silaha yake. Kingine kinaonya kwamba zawadi na mikopo vinaweza kuhatarisha uhuru wa nchi. Kingine kinakiri kwamba viwanda vimetiliwa mkazo kupita kiasi, na kingine kinataka mkulima ajaliwe. Unaweza kukubaliana na madai hayo au kuyapinga. Lakini ukisoma vichwa peke yake, bila aya zake, unaufahamu mwendo wa hoja. Waandishi wangeandika "Fedha", "Misaada", "Viwanda" na "Wakulima", ungebaki na orodha kama ya kwenda sokoni.

Sasa tufanye kwa vitendo. Chukua swali kama hili: "Mambo gani husababisha uzembe kazini, na uzembe huo una madhara gani kwa jamii?" Tutumie Ngoswe peke yake, ingawa mara nyingi utaombwa vitabu viwili.

Hatua ya kwanza, mwaga dondoo zote zinazokujia: mapenzi, ulevi, elimu, mitala, sensa, karatasi kuungua. Usizichague bado.

Hatua ya pili, rudi kwenye swali na ufute. Mitala imo kwenye tamthiliya, lakini haijibu swali la uzembe kazini. Ifute bila huruma. Watahiniwa wengi hupoteza muda hapa, kwa sababu wanaona uchungu kuacha kitu wanachokijua. Kukijua kitu peke yake hakutoshi kukifanya kiwe jibu.

Hatua ya tatu, unganisha zinazofanana na uzipange. Mapenzi, ulevi na elimu zote zinaeleza kwa nini Ngoswe alizembea, kwa hiyo ni upande wa sababu. Sensa na karatasi kuungua ni jambo moja, nalo ni upande wa madhara. Sababu zitangulie, madhara yafuate, kwa kuwa swali lenyewe limeuliza hivyo.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha makala hii. Kila dondoo iulize maswali mawili: nani anafanya nini? Na matokeo yake ni yapi? Majibu yake ndiyo kichwa chako:

1. Mapenzi yanamwondoa Ngoswe kwenye kazi aliyotumwa.
2. Ulevi unamsahaulisha thamani ya karatasi alizokabidhiwa.
3. Elimu yake haimsaidii kwa sababu hana nidhamu ya kazi.
4. Uzembe wa mtu mmoja unaligharimu taifa zima.

Ona tofauti. Kichwa cha kwanza kimeshakuagiza mfano wa kuleta: uhusiano wake na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi. Kichwa cha nne kimekupeleka moja kwa moja kwenye moto ulioteketeza takwimu, na kimekupa nafasi ya kueleza kwamba nchi isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kupanga shule, zahanati wala visima. Neno "sensa" peke yake lisingekupa hayo.

Hatua ya tano, soma vichwa vyako kwa kufuatana, kana kwamba hakuna kingine kwenye karatasi. Je, vinajibu swali? Kuna viwili vinavyosema jambo moja kwa maneno tofauti? Umbo lake linafanana? Ukianza kimoja na sentensi kamili, cha pili ukaandika neno moja, na cha tatu ukaweka swali, msahihishaji anayumba kama abiria kwenye barabara yenye mashimo.

Utaniuliza: "Mwalimu, kwani insha ina vichwa vidogo?" Swali zuri. Insha ya kawaida huandikwa kwa aya zinazofuatana, bila vichwa vilivyojitenga. Hapo kichwa chako kinakuwa sentensi ya kwanza ya aya. Hukibandiki juu wala hukipigii mstari, unakianzia aya. Badala ya "Ulevi, mwandishi ameonesha ulevi", unaandika: "Ulevi unamsahaulisha Ngoswe thamani ya karatasi alizokabidhiwa." Kisha unathibitisha.

Ripoti ni tofauti, kwa sababu vichwa vidogo vinaonekana. Tuseme umeombwa ripoti kuhusu wanafunzi kuchelewa shuleni. Usiandike "Usafiri" halafu "Maji". Andika "Wanafunzi wanaachwa vituoni asubuhi" na "Foleni ya maji inawachelewesha wasichana". Hapo mkuu wa shule asiye na muda wa kusoma kurasa zote anapata habari kwa kupitisha macho tu. Na mapendekezo yako yanajulikana yanatoka wapi, kwa kuwa kila pendekezo linajibu kichwa fulani.

Kumbukumbu za mkutano nazo zina sheria yake. Kufungua mkutano, kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, mengineyo na kufunga mkutano ni vichwa vya desturi. Viache vilivyo. Ubunifu wako usivivuruge, kwa sababu msomaji anavitafuta kwa majina hayo hayo.

Najua wapo walimu wenzangu wanaosema haya yote ni kupoteza muda, kwamba saa tatu za mtihani hazitoshi na mwanafunzi aanze kuandika mara moja. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwanafunzi anayeanza bila vichwa huwa anasimama katikati ya ukurasa wa pili, anatazama dari, kisha anarudia hoja ya kwanza kwa maneno mengine. Muda aliodhani ameuokoa anaulipa pale, tena kwa riba. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na chumba cha mtihani ni shahidi.

Wapo pia wanaosema kwamba sentensi ndefu zitawachosha wanafunzi dhaifu. Mimi nimeona kinyume chake. Mwanafunzi mwenye msamiati mdogo ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu akishaandika dai moja fupi na la wazi, anajua anachotakiwa kukithibitisha. Hata akikosea kiswahili fasaha mahali fulani, hoja yake bado inaonekana. Anayefichwa na neno moja ni yule yule mwenye mengi ya kusema lakini hajui aanzie wapi. Inaniuma kumwona akipata alama za mtu ambaye hakusoma.

Kwa hiyo, kabla ya Novemba, fanya zoezi hili kila jioni. Chukua swali moja la mtihani uliopita. Usiandike insha nzima. Andika dondoo, zifute, zipange, kisha zigeuze kuwa vichwa vinne au vitano vinavyosema. Mpe mwenzako asiyeliona swali asome vichwa peke yake, akuambie swali lilikuwa linauliza nini. Akipatia, umefaulu. Akibabaika, rudi kwenye kichwa kilichomkwamisha ukirekebishe.

Safari yako haiishii kidato cha nne. Kidato cha tano, chuo cha ualimu, chuo cha ufundi au ofisi ya mtaa, kote utaombwa kuandika kitu ambacho mtu mwenye haraka atakisoma. Mwandikie kibao kinachosema gari linakwenda wapi.

Nakutakia maandalizi mema na mtihani mwema.