Usifungie Kodi Ndani ya Makro

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo katika VBA, ile lugha ya kuandikia makro za Excel. Ni mistari miwili tu ya msimbo, lakini ilimletea dereva mmoja deni, na kosa lilikuwa langu mimi.

Hapa Majengo, Nyeri, kuna duka la jumla ambalo niliwaandikia lahajedwali ya mishahara mwaka 2018. Mama mhasibu anajaza mshahara, anabonyeza kitufe, makro inapiga hesabu ya PAYE na kutoa peisilipu. Ili kufanya hesabu hiyo, makro inahitaji orodha ya viwango vya kodi, ngazi kwa ngazi. Orodha kama hiyo ndiyo tunaiita arei.

Anayeanza kujifunza VBA huandika hivi:

Const VIWANGO = Array(0.1, 0.25, 0.3)

VBA inagoma: "Constant expression required". Thamani ya Const lazima ijulikane kabla programu haijaanza kazi, lakini Array ni fanksheni, inaitwa programu ikiwa tayari inaendelea. Basi arei ya konstanti haipo katika VBA, na sote tunapita njia ya kando:

Dim viwango As Variant
viwango = Array(0.1, 0.25, 0.3)

Kuna wanaopenda kutangaza Dim viwango(4) As Double, halafu wajaze nafasi moja moja. Jihadhari hapo. Kwa kawaida hiyo 4 inamaanisha nafasi tano, kuanzia 0 hadi 4. Ukijaza tatu, mbili zilizobaki zinakaa na sifuri na VBA haitakuambia neno. Wengine hutumia Split("10,25,30", ","), lakini hiyo inakurudishia maandishi, si namba.

Mimi nilitumia Array, na nilijiona fundi. Tena niliiandika mara mbili: katika moduli ya peisilipu na katika moduli ya fomu ya P9.

Sasa tazameni serikali ilivyocheza na "konstanti" zangu. Mwaka 2018 ngazi za PAYE zilikuwa tano, kuanzia asilimia 10 hadi 30. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, zikawa nne: asilimia 10, 15, 20 na 25, na nafuu ya kila mtu ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. Januari 2021 zikawa tatu: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, 25 kwa 8,333 zinazofuata, na 30 kwa zilizobaki. Julai 2023 zikarudi tano, mbili za juu zikiwa asilimia 32.5 na 35.

Hiyo Januari 2021 nilikwenda dukani, nikabadilisha arei ya P9, nikanywa chai, nikaenda zangu. Ile ya peisilipu niliisahau.

Makro haikuonyesha kosa lolote. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ya mwaka uliopita. Dereva wa lori alikuwa na mshahara wa kutozwa kodi wa shilingi 50,000. Peisilipu ilimkata 4,366.65 kwa viwango vya 2020, na hizo ndizo zilizopelekwa KRA. Kwa viwango vipya alipaswa kukatwa 7,383.35. Tofauti ni 3,016.70 kila mwezi. Mama mhasibu aliligundua mwezi wa Juni alipoweka karatasi mbili pamoja. Akanipigia simu: "Kijana, kompyuta yako ina midomo miwili."

Miezi sita ilikuwa imefika 18,100.20. Tajiri alibeba faini, lakini kodi yenyewe ilikuwa ya dereva, akalipishwa kidogo kidogo kwa nusu mwaka. Kodi sahihi pamoja na deni, mshahara wake ulipungua 6,033.40 kwa mwezi. Ana mtoto sekondari. Nilimwomba radhi, akaniambia hayo ni mambo ya kompyuta. Sivyo. Kompyuta ilifanya nililoiambia.

Maoni yangu basi ni haya. Namba ambayo mtu mwingine ana mamlaka ya kuibadilisha si konstanti, hata kama leo haibadiliki. Isikae ndani ya msimbo. Iweke kwenye karatasi yake ya Excel: safu ya kwanza tarehe ya kuanza, ya pili mwanzo wa ngazi, ya tatu kiwango. Lipe eneo hilo jina, kisha makro isome:

Dim ngazi As Variant
ngazi = Worksheets("Kodi").Range("Ngazi").Value

Arei inajijaza yenyewe. Mambo mawili ya kukumbuka: arei inayotoka kwenye eneo la seli ina pande mbili, mistari na safu, na inaanza 1, si 0. Kwa hiyo usiandike For i = 0 To 4. Andika For i = LBound(ngazi, 1) To UBound(ngazi, 1), ngazi ziwe tatu au tano. Na sheria ikibadilika usifute mistari ya zamani. Ongeza mipya chini, hakikisha jina la eneo linaifikia, na makro ichague kwa tarehe ya mshahara.

Najua mtasema seli inaweza kuharibiwa na yeyote, bali msimbo umejificha. Ni kweli, funga karatasi kwa neno la siri ili isiguswe kwa bahati mbaya. Lakini kujificha ndiko kulikotuponza. Mama mhasibu anaijua sheria ya kodi kuliko mimi, ila hakuweza kuona ndani ya moduli.

Majina ya miezi 12 yaache kwenye Array, hakuna bunge litakaloongeza wa kumi na tatu. Lakini kumbukeni makato ya NHIF: ngazi 17 kuanzia Aprili 2015, kutoka shilingi 150 hadi 1,700. Oktoba 2024 jedwali lote lilikwenda, ikaja SHIF ya asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300. Waliozichapa ngazi zile ndani ya makro walikuwa na kazi siku hiyo.

Wewe una makro ya mishahara, karo au chama? Ifungue leo, utafute neno Array. Ukilikuta, jiulize ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha namba hizo. Kama si wewe, zitoe humo.

Haya, tuonane tena.