Bukavu: Kuvu ukutani si kazi ya mama mjamzito peke yake

Mvua inaporudi Bukavu mwezi wa Septemba, kuta za nyumba nyingi za Kadutu, Ibanda na Bagira huanza kubadilika rangi. Alama nyeusi hutokea kwenye kona, nyuma ya kitanda na chini ya dirisha. Harufu ya unyevu huingia ndani ya nguo na godoro. Ni kuvu, na wakaaji wengi wameizoea. Kwa mama mjamzito, mazoea hayo ni hatari.

Kuvu hutoa chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu anayelala karibu nazo huzivuta usiku kucha. Wengine hupata mafua yasiyokwisha, kikohozi na macho kuwasha. Mwenye pumu huzidiwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza uhusiano wake na pumu na magonjwa mengine ya kupumua.

Hapa haifai kutisha watu. Haijathibitishwa kwamba kuvu ya ukutani peke yake inaharibu mimba, na mama aliyepoteza mimba asilaumiwe kwa sababu ya chumba chake. Njia ya hatari inayojulikana ni kifua cha mama. Pumu isiyotunzwa vizuri wakati wa mimba huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo mama mwenye pumu asiache dawa zake kwa kuogopa mimba bila kuzungumza na muganga. Na mtoto atakayezaliwa ataletwa katika chumba kile kile, na mapafu yake yakiwa bado machanga.

Katika familia nyingi, kuvu ikionekana, mwanamke ndiye anayepewa ndoo na javeli asugue. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, kusugua hurusha chembechembe hewani, na yeye ndiye asiyepaswa kuzivuta. Kazi hiyo aifanye bwana au ndugu mwingine, kitambaa kikiwa puani na mdomoni, madirisha wazi, mama akiwa nje. Maji na sabuni vinatosha kwa ukuta mgumu. Javeli isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu. Mkeka au godoro lililoingiwa na kuvu ni afadhali kutupwa.

Pili, kuvu itarudi kama maji hayajazuiwa. Kupaka rangi juu yake ni kuificha tu. Bukavu imejengwa milimani, na nyumba nyingi zimechimbiwa ndani ya mteremko, hivi kwamba ukuta wa nyuma unagusa udongo. Maji hupita humo. Mfereji nyuma ya nyumba, tundu la bati kuzibwa, maji ya paa kuelekezwa mbali na msingi: hiyo ndiyo dawa. Familia nayo ianike nguo nje jua likitoka, ipikie nje inapowezekana, ifungue dirisha mchana na kusogeza kitanda mbali na ukuta.

Lakini mfereji na bati ni mambo ya mwenye nyumba. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji iliweka garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3, na wapangaji wengi wanajua jinsi garanti inavyodaiwa kwa ukali. Ukali huo huo haufai kukosekana bati linapovuja. Anayepokea kodi kila mwezi anapaswa kupokea pia malalamiko kuhusu ukuta wenye maji. Mpangaji naye asingoje mpaka mimba ifike miezi minane. Aseme mapema, mbele ya shahidi, na kama hasikilizwi, amwendee kiongozi wa mtaa.

Vituo vya afya pia vina nafasi. Siku ya CPN mama hupimwa damu na kuhimizwa kulala ndani ya chandarua. Swali moja zaidi halina gharama: "Mama, chumba unacholala kikoje?" Mwenye kikohozi kisichopona anaweza kupewa siropo mara tatu, na kila jioni akarudi kulala kando ya ukuta ule ule.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo wakati wa kutengeneza. Anayengoja mvua ya Septemba atakuwa amechelewa, na mimba haingoji.