Pikipiki ya Kwanza Iwe na Jina Lako



Malipo ya tumbaku yakishatoka kwenye AMCOS za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, maduka ya pikipiki mjini Tabora hayana muda wa kupumua. Hata sisi wa Itetemia tusiolima tumbaku tunaambukizwa. Mwenye mizinga ameuza asali, mwenye miembe ameuza mavuno, mwalimu ametolewa fedha na SACCOS yake, na kijana wa kijiweni amechoka kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Wote wanaelekea dukani. Baadaye unawaona wanarudi na barabara ya Itetemia, Boxer au TVS mpya, kiti bado kimevikwa nailoni, watoto wanaikimbilia.

Ni jambo la kheri, na siandiki kumkatisha mtu tamaa. Ninaomba kitu kimoja tu: fedha ya pikipiki yako ya kwanza isiishie dukani. Ukiwa na fedha inayotosha chombo peke yake, bado hujapata fedha ya pikipiki. Subiri kidogo, ongeza, kisha nenda.

Wazee wetu waliijua hesabu hii. Itetemia ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe wakati njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ikipita hapa. Safari ilikuwa ya miezi: wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, hapa Tabora, Novemba. Mwenye msafara aliyepanga bajeti ya vitambaa na shanga peke yake, akasahau posho ya wapagazi na malipo ya kupita kwa kila mtemi, alikwama porini na mizigo yake. Livingstone mwenyewe alikaa hapa jirani, Kwihara, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, sehemu kubwa ya muda huo akisubiri watu wa kubeba mizigo ambao msafiri mwenzake Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Mali alikuwa nayo ghalani. Kilichokosekana ni vile vinavyoifanya mali itembee.

Leo vinavyoifanya pikipiki itembee ni kadi, leseni, bima, kofia ngumu na fedha ya sevisi. Nianze na kadi, maana ndiko maumivu yaliko.

Vijana wengi huingia dukani bila namba ya NIDA mkononi na bila TIN. Muuzaji anataka kumaliza biashara, mnunuzi anataka kuondoka na chombo kabla jua halijazama, basi inasemwa: andikeni jina la mjomba, tutabadilisha baadaye. Baadaye hiyo haiji. Pikipiki inalipiwa na mtu mmoja, inaendeshwa na mtu huyohuyo, lakini serikalini ni ya mjomba. Ikihusika kwenye ajali au ikiibwa ikatumika kwenye uhalifu, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi, na mjomba aliyekuwa amelala kwake Sikonge ataamshwa. Mjomba akifariki, Mungu amwepushe, hapo ndipo utaijua familia. Kwenye kikao cha mirathi pikipiki itaorodheshwa pamoja na ng'ombe na mabati ya nyumba, na wewe utabaki kuapa kwamba fedha ilikuwa yako.

TIN hutolewa bure na TRA. Namba ya NIDA huenda unayo tayari, ila hujawahi kuifuatilia. Fuatilia vyote viwili kabla ya kuanza kuulizia bei. Siku ya kununua, inama uisome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, kisha namba ya injini, tarakimu kwa tarakimu, uzilinganishe na karatasi unazopewa. Muuzaji akikuharakisha, mwache aharakishe, wewe endelea kusoma. Kosa la tarakimu moja unalorekebisha palepale kaunta ni dogo. Ukiligundua siku unauza, ni safari za kwenda na kurudi ofisini mpaka uchoke.

Anayenunua ya mkononi ana sababu zaidi ya kuwa makini. Mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye daftari na kushuhudiwa na mwenye kibanda cha chipsi haubadilishi umiliki. Muuzaji na mnunuzi waende TRA pamoja wakahamishe jina, na gharama yake izungumzwe wakati wa kupatana bei, isije ikageuka ugomvi. Kwa anayeuza nako kuna faida: ukiuza bila kuhamisha, umeuza chuma tu, lawama bado unazo.

Leseni hainunuliwi pamoja na pikipiki, ingawa wapo wanaofanya kama vile inakuja na tulboksi. Jifunze, fanya majaribio, pata daraja A linalolingana na chombo chako. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na wengine wakaona sasa faini ni nafuu kuliko leseni. Hesabu hiyo inasahau bima. Ajali ikitokea nawe huna leseni, bima uliyoilipia ina njia ya kukukana.

Hapo kwenye bima, wengi hawasomi walichokata. Ile ndogo, ya mtu wa tatu, humlinda uliyemgonga. Mguu wako na pikipiki yako havimo. Na ukikata ya matumizi binafsi halafu jioni ukabeba abiria wa kulipa kutoka stendi, umejiweka pabaya, kwa sababu biashara ya bodaboda ina bima yake na leseni yake ya LATRA. Stika ya bima inaweza kuhakikiwa kwa simu kupitia mfumo wa TIRA. Hakiki hata kama aliyekuuzia ni shemeji yako.

Sasa kuhusu bei, niseme jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Pikipiki mpya za cc 100 hadi 150 zinacheza kati ya milioni mbili na ushei na milioni tatu na ushei. Utasikia kwamba inajilipa yenyewe. Tupige hesabu ya mtu anayekaa Itetemia na kufanya kazi mjini. Tuseme analipa bodaboda buku kwenda na buku kurudi, siku 26 kwa mwezi: 52,000. Akiwa na ya kwake ya cc 100, iliyotunzwa, lita moja humpeleka kilomita 50 au zaidi. Kwa kilomita 10 kwa siku atatumia lita tano na ushei. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, anabakiwa na kama 36,000, na hapo hajanunua oili wala tairi. Pikipiki ya milioni mbili na laki sita itachukua miaka sita kurudisha fedha yake. Kwa mtu wa aina hiyo pikipiki ni starehe halali, na ni uhuru wa kutosubiri mtu saa kumi na moja alfajiri, nami nampongeza. Lakini asikope kwa riba kwa kudhani itajilipa.

Anayeona faida ya haraka ni yule ambaye pikipiki inamfungulia kazi: mama anayefuata mahindi na karanga vijijini kabla dalali hajafika, fundi umeme anayeitwa huku na huku, mfuga nyuki mwenye mizinga mbali na barabara ya lami. Kabla ya kununua, andika kwenye karatasi kazi ambayo leo huwezi kuifanya kwa sababu ya kukosa usafiri. Karatasi ikibaki tupu, weka akiba taratibu.

Na mikopo ya kausha damu muiepuke, jamani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni na akupe masharti kwa maandishi. Anayekuja na daftari la kawaida na kuishikilia kadi yako ya NIDA kama dhamana, mpishe njia. VICOBA na SACCOS zipo. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Unahitaji kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa vikao. Vikao vinachosha, nakubali, ila havijawahi kumng'olea mtu bati.

Ninyi matajiri mnaotoa pikipiki za mkataba, nina ombi kwenu. Kijana analeta hesabu mwaka mzima au zaidi kwa ahadi kwamba mwishoni chombo ni chake. Andikeni mkataba wenye tarehe ya mwisho, muandike nani anatengeneza injini ikifa katikati na nini kinafuata kijana akiugua wiki mbili. Kila hesabu inayopokelewa isainiwe. Siku ya mwisho ikifika, mwende TRA naye mkono kwa mkono. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuondoka Unyanyembe kabla ya kupatana ujira na posho, na mwenye msafara aliyekiuka mapatano aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu wameondoka.

Kofia ngumu ziwe mbili. Sheria inamtaka dereva avae, na abiria vilevile. Pita kijiwe chochote utazame kofia zilivyo: moja inaning'inia kwenye saiti mira, nyingine haina mkanda, nyingine sponji la ndani limeshatoka limebaki ganda la plastiki. Kofia ya namna hiyo inamlinda dereva dhidi ya trafiki peke yake. Nzuri ina povu gumu ndani, inabana kichwa bila kuumiza, na mkanda wake unafungwa chini ya kidevu ukasikia "ta". Utafiti ulionukuliwa na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria akisema itamharibia nywele, mpe kitambaa atangulize. Asipotaka, mwache ashuke. Kuna abiria wengine.

Kuhusu kofia hizo nina neno pia kwa wenye maduka. Pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna jengo la Sewahaji. Limebeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara aliyefariki 1897, ambaye huko Bagamoyo aliwauzia wasafiri vitambaa na kuwapatia wapagazi wa misafara iliyokuja huku kwetu. Alipata utajiri kutokana na safari, akatoa sehemu yake ijenge hospitali. Wenye maduka ya pikipiki wa mji huu, mfano wake upo. Siwaombi hospitali. Toeni kofia mbili zenye ubora kwa kila pikipiki mpya, bei yake iwe ndani ya bei ya chombo, mnunuzi asiulizwe kama anazitaka.

Neno fupi la ufundi, kwa sababu barabara zetu mnazijua. Kichanga cha Itetemia kinakula cheni na kinaziba chujio la hewa. Safisha chujio mara nyingi zaidi ya kitabu kinavyosema, hasa kiangazi. Cheni isilegee ikapiga swingiamu, wala isikazwe kama uzi wa zeze. Sevisi ya kwanza usiiruke, maana oili ile ya mwanzo hutoka na chembe za chuma za injini inayojizoeza. Na ukikutana na mchanga mzito usishike breki ya mbele kwa nguvu. Punguza mapema, tulia, acha tairi lijitafutie njia.

Nimalizie na viongozi wetu. Wenyeviti wa mitaa, mabodi ya AMCOS, viongozi wa vijiwe: malipo ya mazao yanajulikana yanakuja, na pikipiki zinajulikana zitanunuliwa. Tuandae siku moja kabla ya msimu huo, hapa hapa mtaani, chini ya miembe. Tuwaalike maofisa wa TRA waje wasaidie watu kupata TIN na kuhamisha majina, trafiki aje aeleze leseni, wakala wa bima aje na maelezo yanayosomeka, na chuo cha VETA hapa Tabora tukiulize kama kinaweza kufundisha kundi kwa pamoja. Barua ya kuomba ni ya ukurasa mmoja, na muhuri wa mtaa upo. Kila kijiwe kiandike orodha ya wanaoendesha kwa kadi za watu wengine, bila kuwaaibisha, tujue tuanze na nani.

Na mjomba wa Sikonge apigiwe simu mapema. Aje na kitambulisho chake.